Kamati Ilipokuja Kuhesabu Viatu

Kitu cha kwanza ambacho mgeni hukiona kwa Mama Mkanda ni mkanda wenyewe. Huning'inia shingoni mwake tangu asubuhi hadi jioni, na kwa kuwa wengi wanaotembea na mkanda shingoni ni mafundi cherehani, watu wasiomjua humsimamisha njiani wakamuuliza bei ya kushona sare za shule. Yeye hujibu bila kukasirika, "Mimi sishoni, mwanangu. Mimi napima tu."

Na kweli mkanda wake si wa cherehani. Ni mfupi, wa plastiki laini, una rangi tatu, nao huzungushwa kwenye mkono wa mtoto mdogo, katikati ya bega na kiwiko. Mkono mwembamba sana husomeka kwenye nyekundu, na mtoto huyo hupelekwa hospitali leo, si kesho. Njano ni hadhari. Kijani maana yake mtoto anakula, na Mama Mkanda anaweza kulala usingizi wake.

Upimaji huo hakuufundishwa darasani. Alipiga deki wodi ya watoto kwa miaka kumi na sita, na muuguzi mmoja aliyekuwa anakaribia kustaafu, mwenye macho yaliyoanza kumsaliti, alikuwa akimwita, "Hebu njoo unisomee hapa, dada." Akasoma, akasoma, mpaka siku moja muuguzi akagundua kwamba mpiga deki anajua watoto wa wodi nzima kwa mikono yao zaidi kuliko kwa majina yao. Serikali ya jimbo ilipofungua kituo cha kulelea watoto wadogo katika mtaa wake, muuguzi yule ndiye aliyemwandikia barua ya kumpendekeza.

Kituo chenyewe kilikuwa ghala la samani mbovu za serikali, na nusu yake bado ni ghala. Upande mmoja wa chumba umejaa viti visivyo na miguu na kabati lisilo na mlango, kwa sababu mali ya serikali haitupwi mpaka ikae kamati ya kutupa mali ya serikali, na kamati hiyo haijawahi kukaa. Pengine haina viti. Upande wa pili kuna mikeka, ubao, ndoo ya maji yenye bomba, na watoto arobaini na mmoja wa umri wa miaka miwili hadi mitano. Wazazi wao ni wafua nguo za watu, wabeba mizigo, wapanga mboga kando ya barabara, watu wanaotoka nyumbani kabla ya jua na kurudi nalo limekwisha kulala. Saa nne kila asubuhi sufuria kubwa ya uji hutoka jikoni ikiwa imebebwa na Mpishi, mwanamke mwenye kifua kipana na sauti pana zaidi, na kwa nusu saa hakuna kelele nyingine katika mtaa ila vijiko.

Mwaka wa kwanza, Mama Mkanda alipopima mikono yote, alipata sita kwenye nyekundu na ishirini na tatu kwenye njano. Alijifungia ghalani, akakaa juu ya dawati bovu, akalia kidogo, kisha akatoka akamwambia Mpishi aongeze karanga za kusaga. Miaka mitatu baadaye, nyekundu haikuwa na mtu. Njano walibaki watatu, na mmoja wao alikuwa Pacha Mdogo, msichana wa miaka mitatu, binti wa mfua nguo, ambaye ndugu yake Pacha Mkubwa alikuwa ameshavuka kwenda kijani na kumwacha nyuma kwa upana wa kidole. Mama Mkanda aliujua upana huo kama anavyojua upana wa mlango wake. Aliandika takwimu zake vizuri kwenye fomu ya jimbo, kwa kalamu ya wino, mstari kwa mstari, akaipeleka mwenyewe. Kama kuna dhambi aliyoitenda katika kisa hiki, ya kwanza ni hiyo.

Jibu lilikuja baada ya miezi miwili, ndani ya bahasha kubwa ya khaki. Ndani yake kulikuwa na cheti cha pongezi chenye pambo la dhahabu pembeni, na barua.

Mpishi alisimama mlangoni na mwiko mkononi. "Wametupa zawadi?"

"Wametupa cheti."

"Na unga?"

Mama Mkanda alisoma tena mstari wa mwisho, polepole, kama mtu anayetafuta jiwe kwenye mchele. "Unga umeondolewa kwa sababu ya cheti."

Barua ilieleza kwa lugha ya upole. Kituo kimefikia lengo. Fedha za lishe zinatolewa kwa mujibu wa kiwango cha umaskini wa watoto. Kwa kuwa umaskini katika kituo hiki umepungua kwa kiasi cha kupigiwa mfano, mgao wake utasitishwa mwishoni mwa mwezi na kuelekezwa kwenye maeneo yenye uhitaji. Jimbo linamshukuru mlezi mkuu kwa juhudi zake.

"Yaani," Mpishi alisema, "mtu amepona kwa dawa, kwa hiyo anyang'anywe dawa."

"Usipayuke, watoto wanasikia."

"Wasikie! Ndio waliopona."

Kesho yake Mama Mkanda alivaa gauni lake la misiba na mikutano, akaenda ofisi za jimbo. Alipokelewa na afisa anayeshughulikia mgao wa fedha za watoto, kijana nadhifu ambaye wenzake humwita Mgao, mwenye kalamu tatu mfukoni na uchovu wa mtu aliyesema jambo moja mara elfu. Alimpa kiti. Alikuwa na adabu. Ubaya wa ofisi ile ni kwamba kila mtu alikuwa na adabu.

"Mama, shikamoo. Hongera sana kwa cheti."

"Marahaba, mwanangu. Cheti hakipikiki."

Mgao alicheka, kisha akakumbuka kwamba hakutakiwa kucheka. Akamweleza. Serikali kuu inagawa fedha kwa majimbo kwa kuhesabu watoto maskini. Jimbo lenye watoto maskini wengi hupata zaidi. Jimbo likiwapunguza, hupata kidogo. Jimbo nalo likipata kidogo, linakata kule ambako mambo yamekuwa mazuri.

"Kwa hiyo mimi nimewaponza," alisema Mama Mkanda, "kwa kunenepesha watoto."

"Hapana, mama. Kuwanenepesha si kosa." Mgao aliinamia meza, akashusha sauti. "Kosa ni kuandika. Ungewanenepesha kimyakimya."

"Na uji ukikatika, wakikonda tena?"

"Hapo mtarudi kwenye orodha bila tatizo lolote."

"Baada ya muda gani?"

"Tathmini hufanywa kila baada ya miaka miwili."

Mama Mkanda alihesabu kichwani. Pacha Mdogo angekuwa na miaka mitano. Kama angekuwepo.

"Jimbo si lina kodi zake?" aliuliza.

"Linazo. Tunatoza vibanda vya sokoni na mikokoteni. Tukiongeza hapo, mama, wanaoumia ni hao hao wazazi wa watoto wako. Kodi kubwa ziko mikononi mwa serikali kuu, nayo inasema haiwezi kuzigusa sasa hivi. Lakini usikate tamaa, Bunge linajadili suala hili wiki hii. Sikiliza redio."

Akasikiliza redio. Aliisikiliza kwenye kibanda cha shemeji yake, kaka wa marehemu mume wake, fundi viatu ambaye kibanda chake kinatazamana na lango la kituo. Shemeji ni mtu wa maneno. Anasema yeye na Mama Mkanda wameugawana mwili wa binadamu, yeye amechukua miguu na shemeji yake amechukua mikono, na tumbo wameiachia serikali, ndiyo maana liko tupu. Wawili hao hutaniana tangu siku ya posa na hakuna aliyewahi kukubali kushindwa.

Siku ya kwanza, mheshimiwa mmoja alisema watoto ni hazina ya taifa. Mwingine akasema ni nguvukazi ya kesho. Wa tatu akasimama kupinga, ikaonekana anapinga mpangilio wa maneno tu. Kisha mjadala ukapamba moto. Upande wa serikali kuu ulisema mtoto anaishi jimboni, kwa hiyo alishwe na jimbo. Wawakilishi wa majimbo wakasema umaskini ni tatizo la kitaifa, kwa hiyo ulipiwe na taifa.

"Umesikia, shemeji?" fundi alisema huku msumari ukiwa katikati ya midomo. "Mtoto ni wa huku, umaskini ni wa kule. Wakiwatenganisha hivyo wawili hao, tatizo limekwisha."

Mbunge mmoja, mwanamke mwenye sauti kavu ambaye alikuwa mwenyekiti wa kamati ya bajeti, alipendekeza kodi ya majumba makubwa yanayokaa matupu mwaka mzima, ili fedha zake ziende majimboni kwa ajili ya watoto. Waziri akasimama, akasema kwa uchungu kwamba tusiwaadhibu waliofanikiwa, la sivyo watakimbia nchi.

"Na majumba yatakimbia nao?" fundi aliuliza redio. "Yana miguu? Kama yana miguu yaje hapa niyashone."

Siku ya pili ilitumika kutafuta maana ya mtoto maskini. Kila maana iliyopendekezwa ilikuwa na mheshimiwa aliyeinuka kusema kwamba hata yeye alikulia hivyo hivyo na leo ndiye huyu hapa. Mwishowe, kwa kuwa chakula cha mchana kilikuwa tayari, wakakubaliana kwa muda kwamba umaskini utatambuliwa kwa kitu kinachoonekana kwa macho, kisichohitaji mtaalamu, na kitu hicho kikawa viatu. Kamati ya bajeti ingetembelea mahali pamoja jimboni, ijionee yenyewe, kisha Bunge lipige kura juu ya kodi ya majumba na mgao mpya.

Shemeji alitoa msumari mdomoni. "Miaka ishirini na mbili nashona viatu, sikujua kwamba mimi ni wizara."

Jumatatu Mgao alipiga simu, safari hii sauti yake ikiwa na uhai. "Mama, bahati imekuangukia! Kamati inakuja kwako Alhamisi."

"Kwangu? Si mlisema kwangu umaskini umekwisha?"

"Kwako kuna lami mpaka langoni, na ni karibu na hoteli watakayolala. Sikiliza, mama. Mkuu wa jimbo ameniagiza nikuambie jambo moja tu, waache watoto walivyo. Kamati ikiona hali halisi, jimbo zima linapata, na wewe unarudi kwenye orodha. Wasipoiona, basi. Unanielewa?"

"Nakuelewa, mwanangu."

Na alielewa. Hilo lazima lisemwe ili asidhaniwe kuwa mjinga. Alielewa kwamba uji wa watoto arobaini na mmoja ulikuwa unategemea miguu yao mitupu, na kwamba kitu pekee alichotakiwa kufanya ni kutofanya kitu. Jioni ile, wazazi walipokuja kuwachukua watoto, aliwatangazia, "Alhamisi tuna wageni wa Bunge. Waleteni watoto kama mnavyowaleta siku zote." Akina mama wakaitikia. Kisha akaona haitoshi, akaongeza, "Ila wawe wasafi."

Alilelewa na mama ambaye hata siku ambayo nyumbani hapakuwa na chochote, mgeni akipiga hodi alibandika maji jikoni ili moshi uonekane. Mtu hamwonyeshi mgeni tundu la nguo yake. Akina mama wa mtaa ule walilelewa na mama wa namna hiyo hiyo, kila mmoja na wake, na hakuna barua ya jimbo iliyokuwa na nguvu ya kuwang'oa wote hao makaburini.

Alhamisi, kabla ya saa mbili, Mama Mkanda alikuwa amefagia uwanja mara mbili. Alikuwa amefunika dawati bovu kwa kitambaa cha meza alichoazima kwa jirani, akaweka juu yake chupa yenye maua ya plastiki. Alikuwa bado anayasogeza maua watoto walipoanza kuingia, na mkono wake ukabaki hewani.

Watoto walikuwa wanang'aa. Nyuso zilikuwa zimepakwa mafuta mpaka nzi wanateleza. Nywele zilikuwa zimesukwa upya, mashati yamepigwa pasi, na miguuni, Mungu wangu, miguuni kulikuwa na viatu. Viatu vyeusi vya shule, viatu vya rangi ya waridi vyenye vifungo, buti ndogo, raba nyeupe. Vingine vilikuwa vikubwa na vimejazwa karatasi mbele. Vingine vilikuwa vidogo na vimevaliwa kwa ujasiri. Watoto walitembea kwa uangalifu mkubwa, wakinyanyua magoti kama kuku kwenye nyasi zenye umande.

Alivuka barabara kwa hatua tatu. "Shemeji! Umevisha watoto viatu vya wateja?"

Fundi alikuwa amekaa kwenye kibanda kitupu. Rafu zake, ambazo jana zilijaa viatu vya watoto wa watu vinavyosubiri kuchukuliwa, zilikuwa zimebaki mbao. "Walikuja jana jioni," alisema. "Wote kwa pamoja, kama msiba. Ningefanyaje?"

"Ungekataa!"

"Wewe ungekataa? Haya, nenda ukavivue. Nakutazama."

Akarudi kwenda kuvivua. Alianza na Pacha Mdogo, kwa sababu alikuwa karibu na mlango. Mtoto alikuwa amesimama peke yake, ameinamisha kichwa, anazitazama raba mbili nyeupe kana kwamba zimeota zenyewe. Akainua uso akamwonyesha, "Bibi, ona." Mama Mkanda aliinama, akashika kamba ya raba, akaishika muda mrefu. Kisha akaifunga vizuri zaidi.

Magari matatu yaliingia saa nne kasoro. Kamati ilikuwa na waheshimiwa saba, wapiga picha wawili, na Mgao, ambaye alitabasamu mpaka alipovuka kizingiti. Tabasamu lake lilikufa kwa awamu. Mwenyekiti, yule mama wa sauti kavu wa redioni, alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Watoto walisimama, wakaimba wimbo wa kuwakaribisha wageni, wakapiga makofi kwa pamoja. Waheshimiwa nao wakapiga makofi. Mheshimiwa mmoja mnene, mwenye nyumba kadhaa, ambaye siku zote mbili za mjadala alikuwa ameipinga kodi ya majumba, alikuwa na furaha isiyo na mfano.

"Nimehesabu," alitangaza. "Jozi arobaini na moja! Watoto arobaini na mmoja, jozi arobaini na moja. Mheshimiwa mwenyekiti, huu umaskini mnaotaka tuulipie uko wapi? Nyumbani kwangu hakuna nidhamu ya viatu kama hii."

"Mama," Mgao alinong'ona nyuma ya kabati lisilo na mlango, jasho likimchuruzika, "nilikuomba kitu kimoja. Kimoja!"

"Ni wageni, mwanangu," Mama Mkanda alinong'ona naye. "Ni wageni."

Mwenyekiti alikuwa anamtazama Pacha Mkubwa, aliyekuwa ameketi mkekani na viatu vyake viwili, vyote vya mguu wa kushoto.

Hapo ndipo uliposikika ugomvi nje. Mwenye duka la dawa, mama wa mtaa wa pili, alikuwa amekuja kibandani kuchukua raba za mwanawe zilizotengenezwa soli, na fundi alikuwa anamweleza hali ya hewa, hali ya soko, hali ya afya yake, kila hali isipokuwa ya raba.

"Fundi, nimekulipa tangu Jumamosi! Raba ziko wapi?"

"Ziko... ziko karibu, dada. Ziko katika shughuli ya kitaifa."

Mwenye duka alifuata macho ya fundi, yaliyokuwa yamemsaliti na kwenda langoni. Akavuka barabara. Akaingia kwa kishindo, akakuta magari, kamera, waheshimiwa, akasita. Lakini raba alikuwa ameshaziona.

"Samahanini," alisema kwa sauti ya chini. "Zile ni za mwanangu. Nyeupe zile."

Pacha Mdogo alirudi nyuma hatua moja, akajificha kwenye gauni la Mama Mkanda, mguu mmoja juu ya mwingine, kuzificha raba kwa raba.

"Ni kweli, mama?" mwenyekiti aliuliza.

Mtu anaweza kuishi miaka hamsini na mbili bila kusimamishwa mbele ya kamera aulizwe swali la ndiyo au hapana. Mama Mkanda alipiga magoti. Akazifungua kamba, mguu wa kulia, mguu wa kushoto, akafuta vumbi kwenye soli kwa kiganja, akamkabidhi mwenye duka. "Pole, dada. Zimekaa vizuri tu, hazikuchafuka." Mtoto hakulia. Hilo ndilo lililomvunja Mpishi, ambaye alianza kulia yeye, kwa sauti ya kuusikia mtaa mzima.

"Haya wanangu," Mama Mkanda alisema, bado amepiga magoti. "Vueni. Wote."

Walivua kwa haraka sana. Vilikuwa vinawabana. Katikati ya chumba kikapatikana kilima kidogo cha viatu, na kukizunguka miguu themanini na mbili, mitupu, yenye vumbi la kila siku vidoleni, maana mafuta hayakuwa yamefika huko chini.

Mheshimiwa mnene alikuwa wa kwanza kupata sauti. "Huu ni udanganyifu! Mheshimiwa mwenyekiti, kamati imedanganywa mchana kweupe!"

"Imedanganywa kwamba nini?" mwenyekiti aliuliza.

"Kwamba wana viatu!"

Karani wa kamati alifungua kitabu cha kanuni, akakipekua mbele na nyuma. Ilionekana kuna adhabu kali kwa mtu anayejifanya maskini ili apate fedha za umma. Kuhusu maskini anayejifanya anacho, ili asiwape wageni aibu, sheria ilikuwa kimya. Waheshimiwa walijadili kwa dakika ishirini, wakiwa wamesimama, kama kosa hilo lipo. Uji ulikuwa unapoa.

"Mama," mwenyekiti alisema hatimaye, akamvuta kando, "kwa nini? Hukuambiwa utapata unga ukituonyesha hali yenu?"

"Niliambiwa, mheshimiwa."

"Sasa?"

Mama Mkanda alitafuta namna ya kulieleza jambo ambalo hakuwahi kulazimika kulieleza. "Wewe ukija kwangu," alisema, "nitakupokea na kilichochanika?" Kisha, kwa kuwa alishaharibu kila kitu na hakuwa na cha kupoteza tena, akauvua mkanda shingoni. Akauzungusha kwenye mkono wa Pacha Mdogo, akamwonyesha mahali ulipofika, kwenye njano, upana wa kidole kutoka kijani. "Viatu vinaazimika, mheshimiwa. Mkono hauazimiki. Kama mnataka kuhesabu, hesabuni huu. Na uji ukikatika mwisho wa mwezi, huu unarudi huku." Akasogeza kidole upande wa nyekundu. "Haichukui miaka miwili."

Mwenyekiti aliushika mkono ule mdogo muda mfupi.

"Siwezi kuandika kwenye ripoti kile nilichoambiwa," alisema. "Kamati huandika ilichokikuta, na leo imekuta watoto wamevaa viatu, kisha wamevua. Kura ni Jumatano ijayo. Nitarudi kabla ya hapo, mimi na karani na mizani, bila kutoa taarifa kwa mtu. Hata kwa huyu," akamwelekezea Mgao kidevu. "Tukikuta siku ya kawaida, nitaiandika siku ya kawaida, na nitaisoma Bungeni. Lakini iwe ya kawaida kweli. Umesikia, mama?"

"Nimesikia."

"Maua yale yaondoe."

Mwenyekiti alikunywa kikombe cha uji, akiwa amesimama, akakimaliza. Mheshimiwa mnene alisema ana tumbo.

Sasa ni Jumanne. Ijumaa walingoja, Jumatatu wakangoja, na mwishoni mwa juma Mpishi alikuja kukaa langoni bila kuambiwa, eti jikoni kwake kuna joto. Gunia la unga limebaki la siku nne. Shemeji hapokei viatu vya watoto mpaka kura ipite. Anasema amejiuzulu wizara kwa muda. Asubuhi hii mfua nguo amewaleta mapacha wake, wametembea peku, na Mama Mkanda alipowakagua aliona mashavu ya Pacha Mdogo yanameremeta.

"Nilisema wasipakwe!"

"Kidogo tu, mama," alisema mfua nguo, akitazama chini. "Ngozi ilikuwa imepauka."

"Ungeiacha ipauke mpaka kesho!" Akayafuta mafuta kwa pindo la gauni lake, na moyo wake ukimsuta kila alipofuta.

Saa tatu na nusu gari lilisikika kwenye kona. Lilikuwa la taka. Saa nne kasoro robo likasikika jingine, la sauti nyepesi, likipunguza mwendo kama la mtu anayetafuta lango. Mpishi alisimama na kibuyu cha unga juu ya sufuria ya maji yanayochemka.

"Niongeze kibuyu kimoja?" alinong'ona. "Wakiwa ni wao, tuwapikie."

"Ongeza," alisema Mama Mkanda upesi, maana wageni ni wageni. Kisha akashtuka. "Hapana, usiongeze. Pika kama jana." Akaenda langoni, akasimama katikati ya vumbi asilolifagia kwa siku tano, mikono ikimwasha, akikaza macho kwenye kona ya barabara, ambako bado hapajatokea kitu ila muungurumo, nao unakaribia.